Sheria ya usalama kazini Kenya: mwongozo kwa mwenye karakana, kuanzia kwenye msumeno

Katika karakana nyingi za samani nchini Kenya, ukutani utakuta kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha zimamoto, na mwenyewe anaamini amemalizana na serikali. Bado. Vyeti hivyo vinatoka kaunti. Usalama wa wafanyakazi unasimamiwa na idara ya serikali kuu iliyo chini ya wizara inayoshughulikia leba, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake tu: DOSHS. Sheria yake ni ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Pamoja nayo kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huohuo, maarufu kama WIBA, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo iko mikononi mwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sheria tatu, milango mitatu, na hakuna cheti kinachofungua milango yote.

Mfano nitakaoutumia ni karakana yenye wafanyakazi 25: msumeno wa meza, mashine ya randa, kompresa, kona ya kupuliza vanishi, stoo ya mbao na vibarua wawili watatu wanaoitwa mzigo ukifika. Nimeuchagua kwa sababu karakana ya aina hii ina karibu kila hatari ambayo sheria inaitaja: mashine zinazokata, vumbi, kelele, kemikali, moto na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa. Mwenye gereji au kiwanda kidogo cha mikate atafuata njia ileile, atabadilisha mashine tu.

Miongozo mingi huanza na kujisajili. Mimi naanzia sakafuni, kwa sababu usajili unaweza kuchukua siku kadhaa na msumeno unawashwa kesho asubuhi.

Hatua ya 1: Fanya tathmini ya hatari, kazi ikiendelea

Sheria inamtaka mwenye eneo la kazi atathmini hatari zilizopo, achukue hatua kulingana na alichokikuta, na apeleke nakala ya ripoti kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake. Hicho kipengele cha nakala husahaulika sana.

Usiifanye Jumapili mashine zikiwa zimezimwa. Chagua siku ya kazi nyingi, mchukue fundi mmoja mzoefu na mmoja aliyeingia juzi, kisha mfuate mbao kutoka inaposhushwa kwenye lori hadi kabati linapopakiwa kwenda kwa mteja. Kila kituo andika mambo matano: nini kinaweza kuumiza, kinaweza kumuumiza nani, kinga gani ipo sasa, nini kinakosekana, na nani atarekebisha kabla ya tarehe gani. Bila jina na tarehe, hiyo safu ya mwisho haina kazi.

Kwenye swali la nani, usihesabu walio kwenye orodha ya mishahara peke yao. Kibarua wa siku, mwanagenzi, mlinzi wa usiku, na mteja anayepita katikati ya mashine akitafuta kitanda chake wote wamo. Wajibu wako unawafikia hata watu ambao hukuwaajiri, wakiwa ndani ya eneo lako au wakiguswa na kazi yako.

Waulize mafundi swali moja la moja kwa moja: ni kazi gani humu inayokuogopesha? Majibu yake mara nyingi ni bora kuliko fomu yoyote utakayoipakua. Na wajue kwamba sheria inawalinda. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza au kumbagua mtu kwa sababu amelalamika kuhusu usalama, na mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu kutokea, halazimishwi kurudi pale kabla haijaondolewa.

Hatua ya 2: Shughulikia msumeno kabla ya kitu kingine

Msumeno wa meza ndio nauogopa kuliko mashine zote za karakana, na kinga zake karibu zote ni vipande vya chuma na mbao. Bado kuna kanuni za mashine za mbao zilizoandikwa tangu enzi za ukoloni, na zina maana hadi leo.

Kinga ya kwanza ni kifuniko cha juu cha bamba la msumeno, kinachoshuka karibu kabisa na mbao inayopasuliwa. Mafundi hukiondoa kwa madai kwamba kinawazuia kuona mstari. Dai hilo lina ukweli pale kifuniko kilipotengenezwa vibaya, kwa hiyo tengeneza kizuri badala ya kugombana nao.

Ya pili ni kisu cha nyuma, kile kipande cha chuma kilichopinda kufuata duara la msumeno na kusimama nyuma ya meno. Kazi yake ni kuzuia mpasuo usijifunge ukabana bamba. Mbao mbichi au yenye mkazo ndani hujifunga, meno ya nyuma yanaidaka na kuirusha kwa fundi kwa kasi ambayo hakuna mkono utakaoiwahi. Kisu hicho kiwe kinene kidogo kuliko bamba lenyewe lakini chembamba kuliko upana wa mpasuo, na kikae karibu na meno, kama milimita 12 hivi kwenye usawa wa meza. Misumeno mingi ya kuundwa mtaani haina kipande hiki kabisa. Fundi wa kuchomelea aliye jirani anaweza kukitengeneza kwa mchana mmoja ukimpa vipimo sahihi.

Ya tatu ni kuziba sehemu ya bamba iliyo chini ya meza, ambako mikono huenda kuokota maranda. Ya nne ni kijiti cha kusukumia mbao fupi, kitundikwe kwenye mashine yenyewe. Ya tano ni swichi ya kuzimia ambayo fundi anaifikia bila kuinama wala kuzunguka.

Mikanda na puli za randa na kompresa nazo zifunikwe. Sakafu inayozunguka mashine isiwe na maranda wala vipande vya mbao, maana mtu akiteleza huko atashika chochote kilicho mbele yake. Na asiyefundishwa mashine asiiguse. Andika majina ya walioruhusiwa, yabandike ukutani, na umwambie msimamizi kwamba orodha hiyo inafuatwa hata siku ya haraka.

Hatua ya 3: Vumbi, kelele na thina

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vumbi linaloonekana sakafuni lina uafadhali. Lile jembamba linaloelea kwenye mwali wa jua ndilo linaloshuka mapafuni. Livute pale linapozalishwa, kwa feni na bomba lililounganishwa na mashine. Piga marufuku kupuliza nguo na mashine kwa hewa ya kompresa, tabia iliyoenea mno, kwa kuwa inarudisha hewani kila kilichokwisha kutua. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji kidogo. Na mifuko ya vumbi isikae karibu na mashine ya kunolea inayotoa cheche.

Kelele ina tarakimu zake. Kanuni za 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa wastani wa saa nane, na pale inapozidi 85 mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kuipunguza. Randa ya mashine kwa kawaida hupita 90 bila shida. Kabla ya kununua vizibo vya masikio, jaribu hivi: noa visu, kaza boliti zinazotikisika, weka mpira chini ya miguu ya mashine, hamisha kompresa nje ya ukuta. Wanaobaki kwenye kelele wapimwe usikivu, na daktari awe yule aliyeidhinishwa na idara kwa uchunguzi wa wafanyakazi. Gharama ni yako.

Thina na vanishi ni suala la moto kwanza, mapafu baadaye. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ukatafuta moto mbali na lilipo kopo. Kona ya kupulizia iwe mbali na mashine ya kuchomelea, jiko la chai na ekstensheni zilizoungwaungwa, iwe na feni inayotoa hewa nje, na ndani yake kuwe na rangi ya kazi ya siku hiyo tu. Akiba ikae kwenye stoo ya pekee yenye hewa na mlango wa chuma. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kung'arishia mbao vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa, kwa hiyo vitiwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko na vitolewe kila jioni.

Na mlango. Sheria inasema mlango wa kutokea usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua kwa urahisi. Kufuli la nje wakati watu wako kwenye shifti ya usiku, eti mbao zisiibwe, ni kosa ambalo hakuna mkaguzi atakayelijadili nawe. Ajiri mlinzi.

Hatua ya 4: Vifaa vya kujikinga vije mwisho

Waajiri wengi huanza na ovaroli, gambuti na barakoa kwa kuwa vinaonekana na vinapiga picha vizuri. Vinahitajika, na ni mwajiri anayevinunua. Lakini barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina, inatakiwa yenye kichujio cha mkaa. Glavu kwenye msumeno wa meza au mashine ya kutoboa ni hatari zaidi kuliko mikono mitupu, kwa sababu mashine ikidaka uzi inavuta mkono mzima. Gawa kifaa kulingana na kazi iliyoandikwa kwenye tathmini, na kila mtu atie sahihi anapokipokea.

Maji ya kunywa, choo kinachofaa, mahali pa kunawa na kisanduku cha huduma ya kwanza chenye mtu aliyefunzwa kukitumia havihitaji maelezo. Kuhusu msongamano, sheria inataka nafasi ya angalau mita 10 za ujazo kwa kila anayefanya kazi chumbani.

Hatua ya 5: Sasa kaa mezani, ushughulikie makaratasi

Jisajili kama eneo la kazi na idara ya DOSHS. Cheti chake huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla hakijaisha.

Andika sera ya usalama na afya. Ukurasa mmoja au miwili inatosha, ikitaja nani anahusika na nini, itiwe sahihi na mwenye mali na ibandikwe pale watu wanapoisoma. Iandike kwa Kiswahili ikiwa hiyo ndiyo lugha ya karakana, kwa sababu sheria inataka wafanyakazi waifahamu. Sera ya kurasa 30 iliyonakiliwa kutoka kampuni ya mafuta haimwambii fundi lolote. Bandika pia muhtasari wa sheria yenyewe, na uwe na rejista kuu ya eneo la kazi, yaani daftari la kumbukumbu linalotakiwa na sheria.

Kompresa inasahaulika. Tangi lake la hewa linatakiwa kuchunguzwa na mkaguzi wa mitambo aliyeidhinishwa na idara kila baada ya miezi 24. Mwenye boila ya mvuke anachunguzwa kila miezi 12, na mwenye lifti au minyororo ya kunyanyulia kila miezi sita. Tangi lililooza kwa ndani kwa sababu halijawahi kutolewa maji hulipuka bila onyo. Fungua bomba la chini kila jioni. Ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 6: Unda kamati, kisha uiache ifanye kazi

Ukifikisha wafanyakazi 20, kamati ya usalama na afya ni lazima. Kwa kanuni za 2004, mahali penye watu 20 hadi 100 panahitaji wajumbe wasiopungua watatu wa uongozi na watatu wa wafanyakazi, idadi sawa pande zote mbili. Wa wafanyakazi wachaguliwe na wenzao. Ukiwateua wewe, utapata kamati ya kuitikia ndiyo. Wajumbe wanapitia mafunzo ya msingi ya saa 40, na kamati inakutana angalau mara moja kila miezi mitatu.

Kumbukumbu za kikao zenye maana ni fupi: tulikagua wapi, tulikuta nini, nani anarekebisha, lini, na lile la kikao kilichopita limefikia wapi. Mkaguzi wa serikali akiona jambo moja limejirudia vikao vinne bila kurekebishwa, ameshapata ushahidi kwamba ulijua.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa kila mwaka

Hapa watu huchanganyikiwa, kwa sababu kaguzi ni zaidi ya moja. Upo ukaguzi wa usalama na afya, angalau mara moja kila miezi 12, unaofanywa na mshauri aliyesajiliwa na idara. Upo ukaguzi wa usalama wa moto chini ya kanuni za 2007, nao wa kila mwaka, pamoja na zoezi la kutoroka moto angalau mara moja kwa mwaka. Na upo ukaguzi wa mazingira wa NEMA kwa shughuli zinazouhitaji.

Unapomchagua mshauri, muombe uone cheti chake cha usajili cha mwaka huu, kisha muulize atakaa karakanani kwa saa ngapi. Anayetaka umtumie picha kwa WhatsApp ili akuandikie ripoti anakuuzia karatasi, na karatasi hiyo haitakusaidia mahakamani. Ripoti nzuri itakuuma kidogo. Ichukue iwe orodha ya kazi ya mwaka, ukianza na yanayoweza kuua.

Hatua ya 8: Mazingira

Kama unajenga karakana mpya au unapanua, muulize mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA kabla ya kuchimba msingi. Tangu 2019 jedwali la miradi lililo kwenye sheria ya mazingira limegawanywa katika hatari ndogo, ya kadiri na kubwa, na daraja lako ndilo linaloamua unene wa ripoti utakayodaiwa.

Kwa karakana inayoendelea, mambo ni matatu. Taka: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza kando na zisizooza kando. Maranda safi yana wateja, wafugaji wa kuku wakiwa wa kwanza, lakini yale ya mbao zilizotiwa dawa au za MDF usiwape wafugaji wala usiyachome uani. Makopo ya thina na masalia ya vanishi ni taka hatari. Mpe msafirishaji mwenye leseni ya NEMA na ubaki na hati ya kuthibitisha zilikokwenda, kwa kuwa zikikutwa zimetupwa mtoni, jina linalotafutwa ni la aliyezizalisha. Maji machafu: thina isimwagwe kwenye mtaro wa mvua. Kelele ya jirani: kanuni za 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika eneo la makazi, na msumeno unapita kiwango cha usiku hata milango ikiwa imefungwa. Malalamiko mengi dhidi ya karakana huanzia hapo, kwa kazi ya saa nne usiku ambayo ingeweza kungoja asubuhi.

Hatua ya 9: Bima ya WIBA, na siku ya ajali

NSSF ya hifadhi ya jamii na SHA ya bima ya afya hazichukui nafasi ya WIBA. Sheria inamtaka mwajiri awe na bima ya majeraha ya kazini kwa wafanyakazi wake, na mwanagenzi anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Hesabu iko wazi. Kifo au ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Fundi anayelipwa shilingi 25,000 kwa mwezi, hiyo ni 2,400,000. Akipata ulemavu wa sehemu uliokadiriwa asilimia 10, ni 240,000. Wakati hawezi kufanya kazi anaendelea kulipwa, kwa kipindi kisichozidi miezi 12, na matibabu ni juu ya mwajiri. Usipokuwa na bima, deni halifutiki, linatoka mfukoni mwako. Hakikisha idadi ya watu na mishahara uliyoitangaza kwa kampuni ya bima ni ya kweli, maana hapo ndipo madai hukwama.

Ajali ikitokea, utaratibu ni huu. Zima umeme kwenye swichi kuu ya mashine. Mpe majeruhi huduma ya kwanza. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu, kidole kisiguse barafu yenyewe. Mpeleke hospitali na mtu wa kukaa naye. Usisafishe wala kusogeza chochote zaidi ya kinachohitajika kuokoa maisha. Piga picha, andika majina ya walioona.

Kisha tarehe zianze kuhesabiwa. Kifo kinaripotiwa kwa afisa wa idara ndani ya saa 24, na maelezo ya maandishi yanafuata ndani ya siku saba. Majeraha yasiyo ya kifo nayo taarifa yake isipite siku saba, kwa fomu ya idara inayofahamika kama DOSH/WIBA 1. Ipige nakala kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo. Mfanyakazi ana miezi 12 ya kuwasilisha dai, na asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi wa DOSHS ana siku 60 za kupinga. Mahakama ya Juu ilikwisha kuthibitisha mwaka 2019 kwamba njia ya madai haya ni kupitia kwa mkurugenzi kwanza, kwa hiyo kumsomesha mfanyakazi hatua hizi ni bora kwenu wote kuliko kumpa bahasha na kumwomba anyamaze. Makubaliano ya bahasha hayakuondolei wajibu wa kuripoti.

Mkaguzi akifika

Ana haki ya kuingia, kukagua, kuhoji watu na kuomba kumbukumbu. Muombe kitambulisho, mpe ovaroli na vizibo vya masikio, tembea naye. Mpe faili moja yenye cheti cha usajili, sera, tathmini, ripoti za kaguzi, vyeti vya mitambo, kumbukumbu za kamati, orodha ya mafunzo na hati ya bima.

Akikuta kasoro anaweza kukupa notisi ya kurekebisha yenye muda maalumu, au notisi ya kusimamisha mashine au kazi nzima papo hapo kama hatari ni kubwa. Notisi ya kurekebisha ichukue ukarekebishe, umwandikie kwamba umemaliza na uambatishe picha. Kama muda aliokupa hautoshi kwa sababu kifaa kinaagizwa, mwandikie kabla haujaisha, ueleze ulichofanya kwa muda huo ili watu wasiitumie mashine hiyo. Ya kusimamisha unaweza kuikatia rufaa ukiona haikustahili, lakini mashine ibaki imezimwa, plagi ikiwa imechomolewa na kibao cha katazo kimetundikwa kwenye swichi, hadi uamuzi utoke.